Fungate Mikumi: Safari Hii Tuliingia Getini

Harusi ya siku hizi huanza miezi mingi kabla ya ndoa yenyewe. Kuna kamati yenye mwenyekiti na mhazini, kuna kundi la WhatsApp la michango linalolia usiku na mchana, kuna kicheni pati, kuna sendofu, kuna ukumbi, mapambo, sare na keki. Siku ikishapita, wageni wanarudi makwao, mhazini anafunga daftari, na maharusi wanabaki na zawadi za vyombo na uchovu wa mwezi mzima. Muda wa wawili hao kukaa peke yao haumo kwenye bajeti.

Haya nayaona kwa karibu kwa sababu mimi ni fundi cherehani, Mbagala. Nimeshona sare za harusi za watu wengi sana, na najua ni fedha kiasi gani huenda kwenye gauni la kuvaliwa kwa saa sita tu. Ilipofika zamu yangu nikamwomba mwenzangu tupunguze sare, tuchukue ukumbi mdogo, na fedha itakayobaki tuitie kwenye fungate. Naye alikubali haraka kuliko nilivyotegemea. Yeye ni dereva wa lori la masafa marefu. Hupakia mzigo bandarini Dar es Salaam, akashusha Tunduma, na mara nyingine huvuka mpaka hadi Lubumbashi. Akiondoka hupita wiki kadhaa sijamwona. Kwa watu kama sisi, siku za kwanza za ndoa ni mali.

Nikamuuliza angependa twende wapi. Mimi nilikuwa nawaza Zanzibar. Yeye akasema, "Mikumi. Napita pale miaka yote, mchana na usiku, na sijawahi kukata kona."

Shangazi yangu hakufurahi. Yeye aliolewa pwani, na siku zake saba za fungate alikaa ndani akihudumiwa na somo wake, hagusi jiko wala ndoo. "Mwanangu, mtu anaolewa apumzike, si akatazame fisi," alisema. Nilimweleza kwamba lengo letu ni lilelile la zamani: wawili wapate siku za kuzoeana bila kazi na bila watu kuingia na kutoka. Tunabadilisha nyumba tu. Alinitazama kidogo, akatuombea dua, kisha akanifungia visheti vya njiani.

Hifadhi iliyokatwa na lami

Hifadhi ya Taifa ya Mikumi iko mkoani Morogoro, chini ya kilomita 300 kutoka Dar es Salaam. Ilianzishwa mwaka 1964 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230. Barabara kuu ya kwenda Iringa, Mbeya na Zambia inapita katikati yake kwa takribani kilomita 50. Ndiyo maana Watanzania wengi sana wameiona Mikumi bila kuitembelea. Basi likiingia hifadhini abiria hunyoosha shingo, wanaona twiga wawili na kundi la swala, basi linapita, kila mtu anarudi kwenye simu yake.

Sisi tulipanda treni ya umeme hadi Morogoro. Treni hiyo ilianza kubeba abiria kwenye kipande hicho Juni 2024, na safari haifiki saa mbili. Morogoro tukachukua basi hadi Mikumi mjini, tukapanga nyumba ya wageni ya kawaida nje ya hifadhi, maana kulala ndani ni ghali zaidi. Gari la kuzungukia tuligawana gharama na mama mmoja kutoka Iringa aliyekuja na wanawe wawili. Kabla jua halijapanda tulikuwa getini na vitambulisho mkononi.

Ukishaacha lami unaingia uwanda wa Mkata, na hapo ndipo Mikumi yenyewe inapoanza. Ni mbuga tambarare ya nyasi, huku na huko miti ya migunga na mibuyu, na kwa mbali safu za milima zimeizunguka. Tulikwenda Septemba, nyasi zimekauka na kulala chini, kwa hiyo jicho linafika mbali. Kiangazi, tangu Juni hadi Oktoba, ndicho kipindi kizuri cha kuwaona wanyama, kwa sababu vijito hukauka nao hulazimika kukusanyika kwenye maji machache yaliyobaki.

Mwongozaji wetu alikuwa kijana wa hukohuko. Yeye hakuwa mtu wa kukimbiza gari kutafuta simba. Alisimamisha gari mbele ya pundamilia na nyumbu waliochanganyika, akasema, "Dada, kaka, hawa tazameni midomo." Tukatazama. Pundamilia anakata nyasi ndefu na ngumu za juu. Nyumbu, mwenye mdomo mpana, anafuata zile fupi na laini zilizobaki chini. Kwa hiyo wanalisha sehemu moja bila kugombana, na wakiwa wengi kuna macho mengi ya kumwona adui mapema. Twiga aliyekuwa pembeni alikuwa msaada wa ziada, maana kimo chake kinamwezesha kuona mbali kuliko wote. Akikazia macho upande mmoja, wengine nao huacha kula.

Baadaye tuliwakuta simba wawili, dume na jike, wamelala kwenye kivuli cha mti mmoja, mbali na wenzao. Mwongozaji alieleza kwamba simba wanaopandana hujitenga na kundi kwa siku kadhaa, na katika siku hizo huwa hawashughuliki sana na kuwinda. Baada ya hapo kila mmoja hurudi kwenye majukumu yake, na jike huzaa baada ya kama miezi mitatu na nusu. Mama yule wa Iringa alitugeukia, akacheka, akasema, "Haya maharusi, wenzenu hao." Tulicheka wote, ila kwangu lile jambo liliingia moyoni. Hata simba ana siku zake za kujitenga, na kundi linamwachia.

Bibi ndiye anayeongoza

Tembo tuliwakuta karibu na korongo lenye maji ya tope. Alitokea kwanza jike mmoja mzee, masikio yamechanika kingoni, mifupa ya paji la uso imejitokeza. Alisimama, akainua mkonga juu, akaupinda ncha kuelekea kwetu, akanusa. Nyuma yake wote wakasimama hapohapo, hata mtoto aliyekuwa amejibana kati ya miguu ya mama yake. Mwongozaji alikuwa ameshazima injini. Hakuna aliyesema neno garini, hata wale watoto wa Iringa. Kisha yule mzee akashusha mkonga, akapiga hatua, na familia nzima ikamfuata majini.

Familia ya tembo huongozwa na jike mkubwa kwa umri. Yeye ndiye anayekumbuka maji yako wapi mwaka wa ukame, njia ipi ni salama, na harufu ya binadamu yupi ina hatari. Mabinti na wajukuu hubaki naye. Madume huondoka wanapobalehe, wakiwa na miaka kumi na kitu, wakaishi peke yao au na madume wenzao. Mimba hukaa karibu miezi 22, ndiyo maana mtoto mmoja hulindwa na kundi zima. Tembo akiuawa kwa ajili ya pembe, na hasa akiwa yule bibi, familia hupoteza pia yale anayoyakumbuka.

Mwenzangu alikaa kimya muda mrefu. Halafu akaanza kunieleza mambo ya barabara ambayo hakuwahi kuniambia. Usiku, alisema, swala akipigwa na taa kali za lori haendi kushoto wala kulia. Anasimama palepale anakodoa macho. Lori lenye mzigo halisimami ghafla. Nyani nao wamezoea kukaa kando ya lami kwa sababu abiria huwarushia maganda ya ndizi na mabaki ya mahindi, na wakizoea kulishwa hawaliogopi gari tena. Wengi hugongwa hapo. Vile vibao vyenye picha za wanyama na yale matuta yanayowachosha madereva viliwekwa kwa sababu hiyo.

"Tuta nilikuwa naliona ni la kunichelewesha," alisema. "Sasa nimeona nani anavuka."

Kwa mtu anayelala barabarani nusu ya maisha yake, hayo ni maneno mazito. Nami nilijua mambo mengi zaidi kuhusu kazi ya mume wangu kwenye lile gari kuliko katika miezi yote ya uchumba, kwa sababu tulikuwa tumetulia tukitazama kitu kimoja na hakuna simu iliyokuwa ikiita. Sehemu kubwa ya Mkata mtandao hauko imara, na ninashukuru.

Udzungwa, mahali pa kutembea kwa miguu

Kutoka Mikumi mjini tulifuata barabara inayoshuka kusini kupita Kidatu kuelekea Ifakara. Mkono wa kulia unaona ukuta wa milima yenye misitu mizito, mkono wa kushoto mashamba ya miwa ya Kilombero mpaka macho yachoke. Hiyo milima ndiyo Udzungwa, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1992, na ofisi zake ziko Mang'ula. Ndani hakuna barabara za magari. Huko mtu anatembea.

Udzungwa ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita nchini Kenya na kupita Upare, Usambara na Uluguru. Misitu hii imepata mvua kutoka Bahari ya Hindi kwa mamilioni ya miaka, na kwa kuwa kila mlima umetenganishwa na mwingine kwa nyika kavu, viumbe vyake vimekuwa vya peke yake. Yupo mbega mwekundu wa Iringa, ambaye hapatikani nje ya eneo hili. Yupo pia kima wa kijivu, anayeishi Udzungwa tu, ambaye wanasayansi Homewood na Rodgers walimtambua mwaka 1979 baada ya kusikia mlio wasioufahamu karibu na kijiji cha Sanje. Wenyeji walikuwa wanamjua siku zote, walimwita ng'olaga. Elimu kubwa ilikuwa imekaa kijijini ikisubiri mtu wa kuuliza.

Tulipanda njia ya maporomoko ya Sanje pamoja na mwongozaji, ambaye ni lazima. Njia ni ya kupanda kweli. Mizizi imevuka ardhi kama ngazi, majani yamelowa, na jasho linatoka ingawa jua halifiki chini. Hapo nilijifunza mwendo wa mwenzangu. Yeye amezoea kukaa kwenye usukani. Mimi nimezoea kukaa kwenye cherehani. Wote tulihema. Akifika mahali pagumu alisimama akanisubiri bila kusema lolote, na nilipomsubiri mimi hakuona aibu kukaa kwenye jiwe akanywa maji. Uvumilivu wa namna hiyo ukumbini hauonekani.

Maji ya Sanje yanashuka kwa hatua, jumla ya mita 170 hivi. Juu kuna vidimbwi ambapo unaruhusiwa kuoga, na maji ni baridi hata Septemba. Ukikaa ukingoni unaliona bonde lote la Kilombero limelala chini, na reli ya TAZARA ikipita humo. Mwongozaji alitueleza maji yale yanakwenda wapi: yanaingia mto Kilombero, na Kilombero ndiyo unaoupa mto Rufiji sehemu kubwa ya maji yake. Kwenye Rufiji ndiko lilikojengwa Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa kuzalisha megawati 2,115 za umeme. Mimi ninashona Mbagala kwa cherehani ya umeme. Mtu akikata msitu ule, hasara yake inanifikia mezani kwangu.

Hondohondo na mlango wa tope

Wakati wa kushuka, mwongozaji aliinua mkono tusimame. Juu kulikuwa na sauti ya mabawa makubwa, kama mtu anayekung'uta kitenge. Alikuwa hondohondo dume, ndege mweusi mwenye mdomo mkubwa na kofia ya rangi ya maziwa juu yake. Alitua kwenye shina la mti mrefu, mbele ya kitu kilichofanana na kidonda kilichopona kwenye gome. Tulipotumia darubini tukaona ule ni ukuta wa tope, na katikati ya ukuta pana ufa mwembamba.

Ndani ya ufa ikatokea ncha ya mdomo. Dume akatikisa shingo, akacheua tunda moja dogo, akalishika kwenye ncha ya mdomo wake, akalipitisha ufani. Likapokelewa. Akacheua jingine. Alitoa moja baada ya jingine, bila haraka, mpaka yakaisha kooni, akaruka kwenda kutafuta mengine.

Jike alikuwa amejifungia humo yeye mwenyewe. Wakati wa kutaga ukifika, dume huleta vidonge vya udongo, na jike huziba tundu la mti mpaka ibaki nafasi ya mdomo tu. Nyoka na wanyama wengine hawawezi kuingia. Anatotoa na kulea humo ndani kwa zaidi ya miezi mitatu, na muda wote huo dume ndiye anayeleta chakula. Chini ya mti tuliona mbegu zimejaa, nyingine zimeshachipua: hondohondo hula matunda na kusambaza mbegu, hivyo anapanda msitu uleule unaomlisha. Lakini anahitaji mti mkubwa na mzee wenye tundu. Miti hiyo ikikatwa kwa mbao, hana pa kulea.

Nilimfikiria shangazi na siku zake saba za ndani. Mwenzangu naye alikuwa akifikiria lake. "Yule dume asiporudi je?" aliuliza. Mwongozaji akajibu kwamba jike hulazimika kubomoa ukuta, na huenda vifaranga visipone. Tulishuka tukizungumza juu ya hilo mpaka Mang'ula. Tulizungumza juu ya safari zake za Lubumbashi, juu ya kupiga simu kila anapolala, juu ya bima, juu ya akaunti ya benki yenye majina yetu wote wawili, na juu ya duka langu ambalo sitalifunga hata nikipata mtoto, kwa sababu nyumba yenye mtafutaji mmoja ni nyumba yenye wasiwasi. Mambo haya tulikuwa tukiyaahirisha wakati wa maandalizi ya harusi. Ndege yule ndiye aliyetuanzishia mazungumzo.

Ukitaka kwenda

Kiingilio cha raia wa Afrika Mashariki hutozwa kwa shilingi na ni kidogo sana ukilinganisha na dola anazolipa mgeni. Chukua kitambulisho cha taifa. Usitegemee fedha taslimu getini, maana malipo ni kwa kadi au kwa namba ya malipo kupitia simu au benki. Gharama kubwa ni gari, kwa hiyo tafuteni wa kugawana naye. Nguo za bluu na nyeusi ziacheni nyumbani: mbung'o huvutwa na rangi hizo na huuma kwelikweli. Kitambaa cha kahawia au kijani kilichofifia ndicho kizuri, na suruali iwe pana ya kupanda mlima. Bebeni viatu vyenye meno, maji, na dawa ya mbu. Lala ndani ya chandarua. Usimlishe nyani, usishuke garini pasiporuhusiwa, na takataka yako irudi nawe.

Aliye Dar na siku chache anaweza kwenda Saadani, ambako hifadhi imefika hadi ufukweni mwa bahari. Aliye Mombasa ana Shimba Hills karibu na Kwale, mahali pekee nchini Kenya penye palahala. Wa Nairobi wanayo hifadhi ndani ya jiji lao tangu mwaka 1946.

Ombi langu ni kwa kamati za harusi. Mnapopanga bajeti, ongezeni mstari mmoja: fungate ya maharusi. Pengine itabidi keki ipungue ghorofa moja, au sare ziwe za kitambaa cha bei nafuu, nami fundi nasema hivyo huku nikijua inapunguza kipato changu. Kiingilio cha hifadhini kinasaidia kulipa askari wanaolinda tembo na misitu inayotupa maji. Na wale wawili mliowachangia watapata siku za kutembea pamoja, kuchoka pamoja na kuzungumza mambo ya maana kabla kodi ya nyumba na safari za kazi hazijaanza kuwatenganisha. Sisi tumeshakubaliana kwamba mwenzangu akipata likizo nyingine tutakwenda Saadani, na safari hiyo shangazi anakuja nasi.